Maswali ya Wasomaji: Namba inayogawanyika hatua kwa hatua

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeambiwa kuwa 3816547290 ni namba ya pekee kwa jinsi inavyogawanyika. Ni kweli? Na mtu anaweza kuipata bila kompyuta? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni kweli. Ina tarakimu zote kumi, kila moja mara moja tu. Mbili za mwanzo, 38, hugawanyika kwa 2. Tatu za mwanzo, 381, kwa 3. 3816 kwa 4. Na hivyo hivyo hadi namba nzima kwa 10. Hakuna nyingine ya aina hiyo.

Kuipata kunahitaji kalamu na karatasi tu, mradi usianze na kipimo cha kugawanya kwa 7. Sifuri lazima ikae nafasi ya 10, kwa hiyo 5 inakaa nafasi ya 5. Nafasi za 2, 4, 6 na 8 zinataka tarakimu shufwa. Basi 1, 3, 7 na 9 zinagawana nafasi za 1, 3, 7 na 9. Sasa, ya tatu ikiwa witiri, kugawanyika kwa 4 kunailazimisha ya nne iwe 2 au 6. Kwa 8 ni vilevile: ya nane ni 2 au 6. Zinazobaki, 4 na 8, huenda nafasi za 2 na 6.

Tatu za mwanzo hugawanyika kwa 3 na sita za mwanzo kwa 6, kwa hiyo jumla ya tarakimu ya 4, 5 na 6 lazima igawanyike kwa 3. Hapo katikati panakaa 258 au 654, basi. Ukirudia kipimo cha 3 kwa zile tatu za mwanzo, na cha 8 kwa ya saba na ya nane, unabaki na namba 10 za kujaribu. Kipimo cha 9 hakikusumbui, maana 1 hadi 9 zikijumlishwa ni 45 kwa mpangilio wowote.

Ndipo unagawanya tarakimu saba za mwanzo kwa 7. Tisa kati ya hizo kumi huacha baki. 3816547 ÷ 7 ni 545221 kamili.

SWALI: Tarakimu zikiruhusiwa kujirudia, namba kama hiyo inaweza kufika urefu gani?

JIBU: Tarakimu 25, na ni moja tu: 3608528850368400786036725. Kila hatua una tarakimu kumi tu za kuchagua, ilhali kigawo kinazidi kukua, kwa hiyo njia nyingi hukwama. Hii nayo hukwama kwenye 26: ukiongeza sifuri mwishoni na kugawanya kwa 26, baki ni 12. Ingehitajika kuongeza 14, na tarakimu kubwa kabisa ni 9.

Usiihakiki kwa Excel. Hutunza tarakimu 15 tu, zinazofuata huzigeuza sifuri, na jibu litakudanganya. Gawanya kwa mkono, ukibeba baki tu kutoka tarakimu hadi tarakimu.