Fremu Kwanza, Beji Baadaye: Kwa Mafundi Wapya wa Baiskeli za Zamani

Vijana, jibu hili limenichosha. Mteja anashusha baiskeli kutoka kwenye pikapu, ya zamani, usukani wa kuinamia, kiti cha ngozi, na kabla haijafika kwenye jiliwa mmoja wenu ameshatamka: "Hii ni ya Uingereza." Ukimuuliza amejuaje, anasema ina kiti cha Brooks, kiti cha Kiingereza. Kiti ni cha kufungua kwa spana moja na kuhamishia baiskeli nyingine kabla chai haijapoa!

Mnajua mali yetu inavyokuja. Kontena linajazwa Ulaya au Japani, linashuka Mombasa, na baiskeli ikifika soko la Gikomba, Nairobi, imeshapitia mikono mingi. Gurudumu la hii limekwenda kwa ile, usukani wa ile umekuja kwa hii. Siku hizi wateja wanazitafuta hasa baiskeli za safari, zile za kubeba keria mbele na nyuma, kwa sababu wanakwenda nazo Magadi na Naivasha, na wako tayari kulipa. Mteja wa namna hiyo hataki hadithi. Anataka ujue baiskeli ilizaliwa wapi, maana hapo ndipo unapojua ni kikombe gani kitaingia (kile chenye uzi wa skrubu kinachoshika gololi za ekseli ya pedali), ni shina gani la usukani litakaa, na ni tairi gani utahangaika kuitafuta. Asili ya fremu ni orodha ya manunuzi.

1. Weka msasa chini. Nasema hili kwanza kwa sababu ndilo mnaloharakisha kulifanya. Chini ya rangi ya kopo mna mistari ya awali, mabaki ya stika, na nambari ya fremu iliyozibwa na rangi, mara nyingi chini kabisa kwenye bomba la ekseli ya pedali. Osha kwa mafuta ya taa na kitambaa laini, washa tochi ya simu uimulike kwa ubavu, kisha paka chaki juu ya nambari. Piga picha. Ukishapitisha msasa hakuna mtu duniani atakayekurudishia ulichofuta.

2. Pima kabla ya kufungua. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Dagoretti alituletea baiskeli ya safari iliyopakwa rangi ya kijani. Alikuwa ameitafuta kwa muda mrefu. Ekseli ya pedali ilikuwa inacheza na kugonga, basi, kazi ya kawaida. Mimi nilikuwa Kamukunji kutengenezesha keria, na kazi akaichukua kijana niliyemlea kibandani, kijana mwenye bidii kuliko wengi wenu mnaosoma hapa. Akaona Brooks, akaona habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ya Sturmey-Archer, jina jingine la Kiingereza, akahukumu: Uingereza. Breki za Mafac zilikuwa zinamtazama usoni, nazo ni za Ufaransa, lakini hakuziuliza kitu.

Kanuni ya Kiingereza aliijua vizuri. Kikombe cha kushoto hufunguka kinyume cha saa, na cha upande wa cheni hufunguka kwa mwendo wa saa. Akaanza na cha kushoto. Kikatoka bila shida, na hapo ndipo alipojiamini zaidi, kumbe upande huo Mwingereza na Mfaransa hufungua sawasawa. Tofauti iko upande wa cheni. Uzi wa Kifaransa ni 35 mm kwa 1 mm, yaani kipenyo 35 na nafasi ya 1 kati ya uzi na uzi, na pande zote mbili hufunguka kinyume cha saa. Yeye akaweka spana upande wa cheni akazungusha kwa mwendo wa saa. Kikagoma. Akavisha bomba kwenye mpini wa spana, akaegemea kwa uzito wake wote. Kikasogea kidogo, akafurahi. Alikuwa anakikaza.

Kingo za kikombe zilipoanza kulika, akaamua kukiacha palepale na kununua ekseli mpya, gololi, na kikombe cha kushoto peke yake. Uamuzi wa fundi mwenye akili, kama asili ingekuwa ile aliyoidhani. Akanunua cha Kiingereza: inchi 1.37, uzi 24 kwa inchi. Ukigeuza kuwa milimita, kikombe hicho kina kipenyo cha 34.8. Tofauti na 35 ni ndogo mno hata jicho halioni, kwa hiyo kikaingia kwa mkono mzunguko mmoja na zaidi, halafu kikabana. Akadhani ni kutu. Akatia grisi, akachukua tena spana na lile bomba.

Niliporudi nilikuta vumbi la chuma linalong'aa ndani ya grisi, nyembamba, limejikunja. Sikuhitaji kuuliza. Kikombe kilikuwa kimekaa upande kama kifungo kilichotiwa tundu si lake, na kila mzunguko ulikuwa umekata uzi wa fremu ambao ulikuwa umekaa salama tangu ulipochongwa. Nikachukua kile kikombe cha zamani alichokuwa amekitupa kwenye mkebe, nikakifuta kwa kidole gumba. Usoni pake, chini ya grisi nyeusi, palikuwa pamegongwa maandishi madogo: 35 x 1.

Upande wa cheni tuliuokoa: tulizungusha kinyume cha saa, kikatoka. Upande wa kushoto uzi ulikuwa umekwisha. Ilibidi tuagize nje ekseli isiyotegemea uzi, ile inayojibana yenyewe ndani ya bomba, na mwalimu akasubiri sana. Alipokuja kuichukua hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Lakini kwa nini hamkupima?" Yule kijana hakulala vizuri wiki hiyo, na ni yeye aliyeniomba niwaelezeni kisa hiki. Leo hagusi fremu bila kalipa, kile kipimio cha milimita, mkononi.

Basi shikeni vipimo. Upana wa bomba la ekseli, ukingo hadi ukingo, ukiwa 70 mm, fikiria Italia, kipenyo 36 mm, uzi 24 kwa inchi, nao pia hufunguka kinyume cha saa pande zote mbili. Ukiwa 68 mm bado hujajua kitu, maana Mwingereza, Mfaransa na Mjapani wote wapo hapo. Nenda kwenye bomba la fremu linaloshika kiti: 28.6 mm ni la kawaida kwa Uingereza, Italia na Japani, 28.0 ni Mfaransa wa zamani. Pima mahali rangi ilipochubuka, kwa sababu tabaka tatu za rangi ya kopo zitakudanganya. Shina la usukani ni 22.2 mm kwa wengi na 22.0 kwa Mfaransa. Na soma uso wa kikombe baada ya kuufuta! Kuna mtego mmoja: Motobécane wa miaka ya 1970 ni Mfaransa, lakini alitumia uzi wa Kiswisi, yaani 35 kwa 1, na upande wa cheni hufunguka kwa mwendo wa saa kama Mwingereza.

3. Stika ya bomba inataja aliyetengeneza bomba. Reynolds ni kampuni ya Birmingham, na bomba lao la 531 lilitoka 1935, lakini waliuza kila mahali. Baiskeli ya Peugeot PX-10 ilijengwa kwa Reynolds 531 na ni Mfaransa mtupu. Trek za safari za miaka ya 1980 zilitumia bomba hilohilo, na ni za Marekani. Columbus ni ya Italia, Vitus ya Ufaransa, Tange na Ishiwata za Japani. Ushahidi mzuri, mradi usisimame peke yake. Viungo vya mabomba vya Nervex vyenye mapambo ni hivyohivyo: vilitoka Ufaransa, na Waingereza walivipenda mno.

4. Tarehe ya kipuri ni ya kipuri. Habu za Sturmey-Archer hugongwa mwaka, na nyingi mwezi pia. Kihamisha gia cha Campagnolo Nuovo Record huandikwa "PATENT" na tarakimu mbili za mwaka. Shimano walitumia herufi mbili, ya kwanza mwaka kuanzia A kwa 1976, ya pili mwezi, kwa hiyo HC ni Machi 1983. Vipuri vitatu vikikubaliana mwaka mmoja, anza kuamini. Kipuri kimoja ni mgeni tu aliyepita.

5. Raleigh. Hapa Nairobi kila mtu ana babu aliyekuwa na Raleigh, kwa hiyo kila beji ya korongo, nembo ya Raleigh, inaitwa ya Nottingham, mji wao wa Uingereza. Taratibu. Raleigh waliinunua Carlton ya Worksop mwaka 1960, na baiskeli zao nyingi nyepesi zilitoka huko. India kulikuwa na Sen-Raleigh, kiwanda chao Asansol. Ile nyeusi nzito ya Nottingham yenyewe ilikuwa na uzi wake, 26 kwa inchi, si 24. Mara ngapi nimewaona mkirudisha kikombe dukani mkigombana na muuzaji kwamba amewauzia kibovu? Kikombe ni kizima. Mmekosea nyumba.

Nilimwona mama mmoja muuza vipuri akimweleza kijana jambo hili kwa subira ambayo mimi sina. Alimwekea vikombe viwili mezani, akamwambia avikutanishe uzi kwa uzi vilale pamoja. Havikulala. Kijana akaelewa papo hapo, bila kalipa, bila kitabu. Fanyeni hivyo, ni mbinu nzuri kuliko yangu.

6. Tazama mpira wa breki ulipokaa. Ukiwa umeshushwa hadi mwisho wa tundu lake, huenda gurudumu la awali lilikuwa kubwa zaidi: inchi 27, rimu ya 630 mm, limebadilishwa kuwa 700C yenye 622. Inchi 27 hukuelekeza Uingereza, au baiskeli za Marekani na Japani za miaka ya 1970. Ukikuta 584, yaani 650B, na nafasi ya madigadi pana, ita fundi mkubwa kabla hujaigusa, maana hiyo ndiyo saizi waliyoipenda Wafaransa kwa safari, mafundi akina René Herse na Alex Singer wa Levallois, kando ya Paris.

7. Usukani wa kuinamia haufanyi baiskeli kuwa ya safari. Tafuta vitundu vya boliti za keria kwenye masikio ya nyuma na ya mbele yanayoshika ekseli za magurudumu, vishikio vya breki vilivyochomelewa kwenye uma, na nafasi ndefu kati ya ekseli ya pedali na gurudumu la nyuma.

8. Kwenye kadi ya mteja andika vipimo, halafu asili, kwa mpangilio huo. "Bomba 28.0, shina 22.0, kikombe 35 x 1, pande zote kinyume cha saa: Ufaransa." Fundi wa Nakuru atakayeifungua miaka kumi ijayo ataisoma akajua azungushe upande gani. Na kama vipimo viwili vinapingana, usiandike nchi yoyote. Iache fremu ikining'inia, uniite, tuisome pamoja.