Maswali na Majibu: "Akazaliwa na Bikira Maria"

Nilipotaja majuzi kwamba tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari, yaani malaika kumwambia Maria kwamba atamzaa Yesu, iko miezi tisa kamili kabla ya Krismasi, maswali yalinijia kwa mkupuo. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na ya matusi nimeyaacha.

Mwalimu, hapa stejini kwetu tuna mwenzetu Mwislamu. Tulipokuwa tukibishana akasema hata wao wanaamini Isa alizaliwa na bikira. Nilidhani hilo ndilo linalotutenganisha! Kama wote tunaamini, sisi tunapata wapi kumwita Mwana wa Mungu? (Mwendesha boda boda, Donholm)

Mwenzako yuko sawa. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa Maryamu, na huyo ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani nzima. Habari za malaika kumjia zimo humo na katika Sura ya 3, na aya ya 59 ya sura hiyo inamlinganisha Isa na Adamu: Mungu alimwambia kuwa, akawa. Hoja yake basi ni kwamba, kama kukosa baba kunamfanya mtu kuwa Mungu, Adamu asiye na baba wala mama angestahili zaidi.

Hoja hiyo ni nzuri, na Wakristo wengi huijibu ovyo. Kanisa halisemi Yesu ni Mwana wa Mungu kwa sababu hakuwa na baba kule Nazareti. Linasema alikuwa Mwana kabla Maria mwenyewe hajazaliwa. Yohana anaanza Injili yake na "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", wala hataji bikira popote. Baraza la Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, lilipokiri kwamba Mwana amezaliwa na Baba bila kuumbwa, halikuwa likizungumzia usiku wa Bethlehemu hata kidogo. Kuzaliwa na bikira ni namna alivyoingia kwetu. Uwana wake haukuanzia hapo.

Akikuambia Mungu hana mke, mwambie na sisi ndivyo tusemavyo. Miungu ya Wayunani, Zeus na wenzake, ilisimuliwa kuwa inawalaghai wanawake na kulala nao. Luka 1:35 haina kitu cha namna hiyo: "nguvu zake Aliye juu zitakufunika kama kivuli." Hamna mume hapo. Mnapotofautiana kweli ni kama Neno huyo wa milele alifanyika mwili. Bishaneni hapo, ila abiria akitokea mbebeni kwanza.

Kwani Mungu angeshindwa nini kumtumia Yusufu? Alikuwa mtu mwema na uchumba ulikuwapo tayari. (Mama wa jumuiya, Kawangware)

Asingeshindwa. Wanatheolojia wengi watakuambia kwamba Mungu angeweza kupitia njia nyingine, na mimi nakubaliana nao. Swali langu ni kwamba njia hii inasema nini.

Tazama wanawake waliotangulia. Sara ana miaka 90 na amekata tamaa. Hana analia hekaluni mpaka kuhani Eli anamdhania mlevi. Elisabeti ni tasa, na umri umemwendea. Wote walitaka mtoto, wakaomba au wakaombewa, na Mungu akatenda kupitia waume zao. Sasa njoo kwa Maria. Huyu si tasa. Hajaomba mtoto, hana shida ya mtoto, ndoa yenyewe haijaanza. Hakuna pengo analotaka lizibwe. Malaika anamkuta binti wa kijiji ambaye hakuwa akisubiri chochote zaidi ya arusi yake, na habari inayomjia inamharibia mipango.

Hapo ndipo naona uzito wa jambo lenyewe. Wokovu haukutokana na juhudi za mwanadamu, wala nguvu za mwanamume, wala ukoo uliojipanga vizuri, wala maombi ya kufunga siku arubaini. Ulianzishwa na Mungu, bure. Mwanadamu aliachiwa kupokea, na kupokea kwenyewe hakukuwa kukaa tu kimya: Maria aliuliza swali kwanza, akajibiwa, kisha akasema "na iwe kwangu kama ulivyosema." Nakushauri hiyo Luka 1:26-38 muisome kwenye jumuiya bila haraka, mkiangalia nani anaanza kusema na nani anamaliza.

Mwalimu, binti yangu alizaa akiwa nyumbani kwangu. Tulipopeleka mtoto kuandikishwa ubatizo, karani pale ofisini aliuliza jina la baba mara mbili kwa sauti, watu wamejaa kwenye benchi, halafu akachora kistari. Tangu hapo kila Krismasi mhubiri akisifu usafi wa Bikira naona binti anainamisha kichwa. Je, maana yake ni kwamba sisi tuliopata watoto kwa njia ya kawaida ni wachafu? (Mama, Umoja)

Pole, mama. Pole kwa binti pia, na kwa kile kistari. Hapa Kenya hata cheti cha kuzaliwa kilikuwa na vita yake: kulikuwa na kifungu cha sheria kilichomzuia mama asiye na ndoa kuandikisha jina la baba bila baba huyo kukubali, mpaka Mahakama Kuu ilipokiondoa kifungu hicho mwaka 2016.

Jibu ni hapana. Waebrania 13:4 inasema ndoa iheshimiwe na watu wote, na malazi yawe safi. Biblia haijui fundisho kwamba tendo la ndoa ni uchafu ambao Mungu alilazimika kuukwepa. Fununu hiyo imetoka wapi? Kwa sehemu imetoka kwa walimu wa zamani wa Kanisa. Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba dhambi ya asili hupokezanwa pamoja na tamaa iliyomo katika kuzaa, kwa hiyo Kristo aliyezaliwa bila tamaa hiyo hakuirithi. Simdharau Augustino, lakini wahubiri wetu wengi wamechukua kile kipande cha aibu wakaacha mengine yote. Mathayo na Luka hawasemi neno juu ya uchafu.

Sasa ngoja nikuonyeshe jambo ambalo pengine mhubiri wenu hakulitaja. Aliyesutwa kwanza kwa mimba hii ni Maria mwenyewe. Mathayo anasema Yusufu, kwa vile alivyokuwa mtu wa haki na asitake kumwaibisha, aliazimu kumwacha kwa siri. Maana yake aibu ilikuwa inamngoja mlangoni, na Torati, katika Kumbukumbu 22, ilikuwa na adhabu ya kifo kwa aliyeposwa akakutwa na mwanamume mwingine. Miaka mingi baadaye, Yesu akiwa mtu mzima, watu wa kwao wanamwita "mwana wa Mariamu" (Marko 6:3), katika jamii ambayo mtu aliitwa kwa jina la baba yake. Wako wafasiri wanaosikia kejeli ndani yake. Katika Yohana 8:41 wabishi wanamwambia, "Sisi hatukuzaliwa kwa zinaa." Na katika karne ya 2 mpagani mmoja, Celsus, aliandika waziwazi kwamba Yesu alikuwa mtoto wa askari wa Kirumi.

Kisha rudi kwenye ule ukoo wa Mathayo sura ya 1 ambao wasomaji wa kanisani huupita mbio kwa hofu ya majina. Kabla ya kumfikia Maria, anawataja wanawake wanne: Tamari aliyezaa na baba mkwe wake, Rahabu kahaba, Ruthu mgeni kutoka Moabu, na mke wa Uria. Mathayo angeweza kuwaficha, maana koo za wakati ule zilihesabiwa kwa wanaume. Hakuwaficha. Binti yako akiinamisha kichwa Krismasi ijayo, mnong'oneze akiinue asikilize hayo majina manne. Na huyo karani, kama bado yuko, nenda ukaongee na padri au mchungaji wenu bila kuogopa. Kuna namna ya kuuliza swali la fomu mlango ukiwa umefungwa.

Tumefundishwa kwamba mtoto wa kiume anahitaji kromosomu ya Y kutoka kwa baba. Yesu aliipata wapi? (Kidato cha nne, Pangani)

Mwanangu, umeelewa somo lako. Wako wanyama ambao jike huzaa bila dume: mwaka 2006 wanasayansi walitangaza kwamba mijusi wa Komodo waliofugwa Uingereza walitaga mayai yenye uhai bila kupandwa. Lakini mamalia hawazai hivyo kwa njia ya asili, na binadamu ambaye angetokana na mama peke yake angekuwa wa kike. Kwa hiyo usikubali mtu akuletee mjusi kama ushahidi wa Injili. Injili haisemi kwamba lilikuwa tukio la nadra la kibayolojia. Inasema Mungu alitenda, na haielezi vipi. Maria naye aliona ugumu huo huo: "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Katika mtihani andika X na Y kama ulivyofundishwa.

Kama Yusufu si baba, ukoo wa Daudi unaingiaje? Au Maria naye alikuwa wa Daudi? (Fundi wa mbao, Gikomba)

Wako wanaosema ukoo ulioko Luka 3 ni wa Maria, lakini Luka mwenyewe anautaja wa Yusufu, "akidhaniwa kuwa" baba. Mimi sioni haja ya kuzunguka huko. Angalia Mathayo anavyopanga maneno: fulani akamzaa fulani, akamzaa, akamzaa, kutoka Ibrahimu, vizazi kumi na vinne mara tatu, na mwisho kabisa anakatiza mtindo wake: Yusufu ni "mumewe Mariamu aliyemzaa YESU." Anajua anachofanya. Halafu malaika anamwambia Yusufu, "nawe utamwita jina lake Yesu." Kwa Wayahudi, mwanamume akimpa mtoto jina amemkubali kuwa wake, na haki zote za ukoo zinafuata. Ahadi ya Daudi ilipita kwa mkono wa mtu aliyelea mtoto asiyemzaa. Fundi mwenzako huyo Injili hazimnukuu neno hata moja, lakini bila yeye hakuna "Mwana wa Daudi".

Tarehe 8 Desemba Wakatoliki husherehekea Maria kupata mimba bila dhambi. Mbona Yesu azaliwe wiki mbili baadaye? (Msomaji, South B)

Unachanganya sikukuu mbili. Ya tarehe 8 Desemba inamhusu Maria mwenyewe alipotungwa tumboni mwa mama yake, ambaye mapokeo yanamwita Ana. Papa Pius IX alitangaza mwaka 1854 kwamba tangu hapo alikingiwa dhambi ya asili. Maria alizaliwa na baba na mama kama wewe na mimi. Waprotestanti na Waorthodoksi hawana fundisho hilo.

Mimi ni wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri, mume wangu ni Mkatoliki. Kila tukifika Marko 6:3, penye ndugu za Yesu, tunalala tumenuniana. Nani mkweli? (Mke, Lang'ata)

Majina yapo: Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, pamoja na madada. Ugomvi ni wa karne ya 4. Helvidius alisema ni watoto wa Maria na Yusufu waliozaliwa baadaye. Jerome akamjibu kwa ukali kwamba ni binamu. Makanisa ya Mashariki yanashika kwamba ni watoto wa Yusufu wa ndoa ya kwanza. Mumeo atafurahi kusikia kwamba Martin Luther aliamini Maria alibaki bikira maisha yake yote. Wewe utafurahi kwamba Mathayo 1:25, "asimjue kamwe hata alipomzaa mwanawe", kwa msomaji asiye na upande inaelekea kwenu. Mimi naegemea kwa Helvidius, lakini kuzaliwa kwa Yesu na bikira hakutikiswi na jibu lolote kati ya hayo matatu. Laleni.

Mhadhiri wetu alisema Paulo na Marko hawajui kitu juu ya bikira. Nimejikuta siwezi tena kuisema Imani ya Mitume mpaka mwisho. Bado mimi ni Mkristo? (Mwanafunzi wa chuo kikuu)

Ni kweli wako kimya. Marko anaanzia ubatizo, na Paulo anasema tu "amezaliwa na mwanamke" (Wagalatia 4:4). Lakini kukaa kimya si kukana; Paulo hataji hata mfano mmoja wa Yesu. Pima pia upande wa pili. Mathayo na Luka wanapishana karibu kila mahali: huyu ana mamajusi, yule ana wachungaji, huyu anamfuata Yusufu, yule Maria. Inaonekana hakuna aliyenakili kwa mwenzake. Hata hivyo wanakutana kwenye jambo hili moja, na mwanzoni mwa karne ya 2 Ignasio wa Antiokia anaandika juu ya ubikira wa Maria kama jambo ambalo makanisa yanalijua.

Hauko peke yako katika shaka. Wanatheolojia wawili wa Uswisi wa karne iliyopita, Emil Brunner na Karl Barth, walilibishania: Brunner alishika kwamba Mungu alifanyika mwanadamu lakini akakataa kuzaliwa na bikira, na Barth akamjibu kwamba ishara na kinachoashiriwa havitenganishwi kirahisi hivyo. Akaiweka karibu na kaburi tupu, moja mwanzo wa maisha ya Yesu, nyingine mwisho. Mimi niko na Barth. Lakini hakuna aliyemfukuza Brunner Ukristoni, na mimi sitakufukuza wewe. Endelea kuisema Imani pamoja na wengine. Inasemwa na kanisa zima, na siku ambayo sauti yako inakwama wengine wanaendelea.

Mbona Krismasi watu hupiga magoti katikati ya Nasadiki, yaani ile sala ya kukiri imani, halafu Jumapili nyingine hawapigi? (Msomaji, Kayole)

Katika Misa ya Kikatoliki, kwenye maneno "akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu kwake yeye Bikira Maria, akawa mwanadamu", waamini hupiga magoti siku mbili tu kwa mwaka, 25 Desemba na 25 Machi. Siku nyingine huinama. Kama goti linakusumbua, inama tu hata Krismasi, hakuna atakayekuuliza.