Usimrudishe Mama kwa Sababu Watoto Hawajatimia

Nilipokuwa muuguzi katika zahanati moja ya bonde la Kilombero, mara nyingi nilisikia ikisemwa kwamba watoto hawamalizi chanjo kwa sababu wazazi hawana elimu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo. Msimu mmoja wa mpunga, wakati familia nyingi zimekwisha kuhamia kwenye madungu ya mashambani, alikuja mama mmoja aliyeondoka huko alfajiri, khanga yake imelowa hadi magotini, mtoto wa miezi 9 mgongoni, na kadi ya kliniki ameifunga kwenye nailoni isipate maji.

Alifuata chanjo ya surua-rubela. Chanjo hiyo huja ikiwa unga katika kichupa cha dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake hutumika ndani ya saa 6 tu, kinachobaki kikatupwa. Siku hiyo walikuwapo watoto wawili, nasi tulizoea kusubiri watimie ndipo tufungue, kwa kuogopa kuulizwa juu ya dozi zilizopotea kwenye ripoti ya mwezi. Nikamwambia arudi Jumanne. Akaitikia, "Haya, nesi," akaifunga kadi yake upya, akaondoka. Hakuonekana tena mpaka baada ya mavuno, na safari hiyo mtoto alikuwa na homa, macho mekundu na vipele vilivyoanzia usoni. Nashukuru alipona, lakini surua ile ilipita kwenye mlango nilioufunga mwenyewe.

Kwa hiyo nakusihi, muuguzi mwenzangu, fungua kichupa hata akija mtoto mmoja, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Dozi zilizomwagwa huagizwa nyingine. Mama aliyeacha mpunga wake ukiliwa na ndege hana siku ya pili ya kukupa. Andika upotevu huo waziwazi kwenye ripoti, na uuhesabu mapema unapoagiza chanjo, ili usije ukaishiwa katikati ya mwezi.

Msimu uliofuata tulipanga huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watoto na chanjo huko waliko, kwenye madungu yenyewe, kwa siku tuliyoafikiana na wenyeviti wa vitongoji badala ya kujipangia wenyewe. Hapo nilijifunza jambo ambalo wengi hulisahau: tunaogopa joto, ilhali barafu nayo huharibu. Chanjo inayokinga magonjwa matano, ikiwamo dondakoo, pepopunda na kifaduro, hutakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikiganda haifai tena, ingawa alama iliyo kwenye kichupa, ambayo hupima joto peke yake, haitakuonyesha kasoro yoyote. Kabla ya kupanga vibarafu, yaani vifuko vya plastiki vyenye maji yaliyogandishwa, kwenye kibebeo cha chanjo, viache nje kwanza, kisha tikisa kimoja kimoja karibu na sikio mpaka usikie maji yakicheza ndani.

Mwambie mama mapema kwamba mtoto anaweza kupata homa kidogo usiku huo, kwani asiyeambiwa huiona homa hiyo kuwa ni madhara uliyomficha. Aliyepoteza kadi asikaripiwe mbele ya wenzake. Mtafutie kumbukumbu zake kwenye rejista, umwandikie kadi nyingine, na usipoona jina la mtoto, mchanje kama asiyewahi kuchanjwa.