Kabla ya kuuliza bei ya Wasini, uliza maji

Safari yangu ya kwanza ya Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, nililipa, nikatapika, nikarudi nyumbani. Ilikuwa Agosti, upepo wa kusi umekaza. Kampuni iliyotuchukua Diani ilituhakikishia kwamba bahari ni shwari kama bakuli la maziwa. Tulipofika Kisite, hifadhi ya bahari iliyo karibu na kisiwa hicho, mawimbi yalikuwa yanaturusha huku na kule, maji yamechafuka, na lile fungu la mchanga mweupe tuliloonyeshwa kwenye picha lilikuwa chini ya maji. Mwongozaji akanyoosha kidole: "Liko hapo." Tukapiga picha ya maji.

Miaka miwili baadaye mama mkwe alikuja kutembea kutoka Taveta. Amelima na kufuga maisha yake yote, chombo cha bahari hajawahi kukipanda. Safari hii sikupitia kampuni. Jirani alinipa namba ya nahodha wa Shimoni, ambako mashua za Wasini huondokea, mzee wa makamo, nikampigia kuuliza bei. Badala ya bei akanirudishia swali: "Dada, wataka kuona samaki au wataka kusimama kwenye fungu?"

Sikujua kwamba ni vitu viwili. Akanieleza, na tangu siku hiyo kila anayeniuliza habari za Wasini namweleza hivyo hivyo.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua. Maji hupwa sana na kujaa sana, na kwa pwani yetu kupwa kwa asubuhi huangukia kama saa nne hivi. Hapo ndipo fungu la Kisite hutokeza ukalikanyaga kwa miguu yako. Lakini bamvua ina mkondo mkali, na mkondo huvuruga mchanga, kwa hiyo ukizamisha miwani utaona ukungu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Bahari haiendi mbali wala hairudi kwa kishindo, maji yanatulia, na matumbawe unayaona hadi chini pamoja na samaki wake. Fungu usilitegemee. Basi anayekuahidi fungu na maji maangavu kwa siku yoyote utakayotaja, huyo anauza tiketi tu.

Juu ya mwezi kuna pepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi. Ukiwa na mtu mwoga wa maji, mpeleke wakati wa kaskazi au kwenye malelezi, pepo zinapobadilishana. Kinachotutatiza ni kwamba nyangumi hupita pwani hii kati ya Julai na Septemba, katikati ya kusi. Ukiwataka hao, kubali kulowa, usile chapati nne asubuhi, na keti sehemu ya nyuma ya mashua, maana mbele ndiko kunakorushwa zaidi. Tangawizi mbichi ya kutafuna ilinisaidia. Kuinamia simu ndiko kulikonimaliza ile mara ya kwanza.

Sisi tulichagua samaki. Tulikwenda Februari, mwezi nusu. Mama mkwe alimwamkia nahodha kwa adabu zote, kisha akamuuliza kama mashua imewahi kuzama. Nahodha hakucheka. Alimfunga jaketi la kuokolea mwenyewe, akavuta kamba moja moja, akasema, "Mama, hii haivuliwi mpaka nikwambie." Wengine watakwambia jaketi ziko chini ya kiti. Mwambie aitoe, uivae, uone kama inafunga.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Uliza kama bei imebeba usafiri wa barabara, ada ya hifadhi, miwani na mrija, chakula na kiingilio cha bustani ya matumbawe. Mimi ile ya kwanza niliambiwa ada ya hifadhi "si yetu" wakati tumeshafika gatini. Mkenya abebe kitambulisho, la sivyo atatozwa kama mgeni.

Pomboo ndio mtihani wa nahodha. Tulikutana nao kabla ya kufika Kisite, kama sita hivi. Wetu akapunguza mashine, akawa anakwenda nao ubavuni kwa mbali, nao wakatusogelea wenyewe. Mashua nyingine ikaja mbio na kuwakata njia, watu wanapiga makofi. Pomboo wakazama, wakaibukia mbali kabisa. Nahodha akatema mate baharini bila kusema neno. Ukiona wako anawafukuza, mwambie aache. Ni wewe unayelipa, naye anajua.

Mama mkwe hakuingia majini, lakini alivaa miwani, akalala kifudifudi kwenye ukingo wa mashua na kutia uso ndani huku nimemshika kiuno. Akakaa hivyo muda mrefu hadi nikapata wasiwasi. Alipoinua kichwa alisema, "Kumbe huku nako kuna shamba."

Chakula ni Wasini kijijini: kaa, samaki wa kuchoma, wali wa nazi. Usikubali ratiba inayokupa nusu saa hapo, kumla kaa peke yake kunataka saa nzima. Wasini ni kijiji cha Waislamu, kwa hiyo jitande leso kabla ya kushuka. Maji ya kunywa kisiwani ni ya shida, watu hukinga ya mvua, hivyo beba yako na usiombe ya kuoshea miguu mchanga. Baada ya kula pita kwenye ile bustani ya matumbawe, yaani daraja la mbao la akina mama, juu ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu. Maji yakiwa yamepwa utaona kaa wadogo na mikoko chini yako. Kiingilio kinakwenda kwa kikundi chao.

Mapango ya Shimoni, ambako wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa wakisubiri vyombo, tuliyaacha mpaka mwisho, na hilo lilikuwa kosa langu. Tulifika tumechoka, tuna chumvi mwilini, tumevaa ndala kwenye mawe yanayoteleza. Yaende asubuhi kabla ya kupanda mashua, na viatu vya kufunga.

Juzi simu imelia usiku. Mama mkwe, kutoka Taveta. Hakuuliza habari za watoto.

"Mwanangu, nimetoka nje nikautazama mwezi. Umebaki siku tatu kufika nusu. Huyo nahodha namba yake bado unayo?"