Maswali ya wasomaji: upana wa nyota unajulikanaje?

Mwalimu, nyota hata kwenye darubini ni nukta tu. Upana wake mnaupata wapi? (Mwanafunzi, Katuba)

Kwenye rangi na mng'ao. Angalia makala ndani ya mbabula: yakiwa mekundu joto ni la kiasi, yakianza kuwa meupe joto limepanda. Antares, ile nyekundu, ina joto la kelvini 3,600 hivi. Sirius, nyeupe, inakaribia 10,000. Na joto likizidi mara mbili, kila kipande cha uso wa nyota hutoa nishati mara 16. Basi rangi inakuambia kipande kimoja kinatoa mwanga kiasi gani, na mng'ao unakupa jumla inayotufikia. Gawanya, utapata eneo ambalo nyota imelichukua angani.

Bila kujua umbali? (Huyohuyo, hakuridhika)

Bila. Nyota ikiwa mbali mara mbili, mng'ao unashuka hadi robo, na eneo lake angani nalo hadi robo. Umbali unajifuta. Utauhitaji ukitaka kilomita.

Tuonyeshe kwa namba. (Msomaji wa Kenya, komini, si nchi)

Chukua Alpha Centauri A, inayoonekana vizuri kusini mwa anga la Lubumbashi. Rangi yake inakaribiana sana na ya Jua. Jua huonekana kung'aa kuliko hiyo mara bilioni 50 hivi, kwa hiyo eneo lake angani ni kubwa mara hizo hizo. Kwa upana tunachukua kipeuo cha pili cha namba hiyo: kama 223,000. Upana wa Jua angani ni sekunde 1,920 za pembe. Digrii moja ina sekunde 3,600. Gawanya 1,920 kwa 223,000: 0.0086. Wanaopima moja kwa moja, kwa kuunganisha mwanga wa darubini kadhaa, wanapata 0.0085. Hesabu ya kalamu na karatasi, jamani!

Mwezi wa nane moshi na vumbi hufanya nyota ziwe nyekundu. Hamdanganyiki? (Mama mmoja, Kamalondo)

Moshi tunaukwepa, mama: darubini kubwa hujengwa juu ya milima. Vumbi lililo kati ya nyota ndilo halikwepeki. Linaifanya nyota iwe nyekundu, nasi tunaikadiria pana mno; linaififisha, tunaikadiria nyembamba mno. Makosa hayo mawili karibu yanafutana. Barnes na Evans, waliochapisha kanuni ya njia hii mwaka 1976, walinufaika na bahati hiyo.

Jicho tupu linatosha? (Kijana, Ruashi)

Hapana. Unahitaji vichujio vya rangi, na kipimo cha infraredi pia, yaani mwanga usioonekana kwa jicho. Nyota R Doradus kwa jicho ni hafifu, pengine hutaiona kabisa, kwa kuwa mwanga wake mwingi ni infraredi. Lakini mwaka 1997 ilipimwa sekunde 0.057, ikaipita Betelgeuse, ambayo wanasayansi Michelson na Pease waliipima 0.047 mwaka 1920.