Usiifute "that" ya pili

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja anayemalizia tasnifu yake kwa Kiingereza. Msimamizi wake ameipitishia kalamu nyekundu sura nzima ya matokeo. Kila alipoandika "and that" imebakizwa "and" peke yake. Pembeni ameelezwa kwamba neno hilo ni mzigo, kwamba Kiingereza kizuri ni kifupi, na kwamba airudie sura yote. Akaniuliza, "Kaka, nitii tu yaishe?"

Nilimjibu usiku uleule kwamba asitii kabla hajaenda kumwonesha msimamizi wake ni sentensi zipi zimebadilika maana. Jibu langu lilikuwa refu, na leo naliweka hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaandika kwa Kiingereza kazini: ripoti, tasnifu, maombi ya ufadhili, habari, mihutasari ya vikao. Mnataka kuandika kwa namna ambayo mtu hawezi kuwageuzia maneno. Nami nalitaka hilohilo, na nina sababu zangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwandishi wa ripoti katika taasisi ambayo sitaitaja. Kazi yetu ilikuwa kupokea malalamiko, kusikiliza pande zote na kuandika tulichokikuta. Katika ripoti moja kulikuwa na suala la paa la jengo. Mkandarasi alitueleza mambo mawili: kwamba paa lilikuwa limekaguliwa, na kwamba lilikuwa salama. Sisi wenyewe hatukupanda kulitazama, wala hatukuoneshwa karatasi yoyote ya ukaguzi. Kwa hiyo niliandika hivi:

"The contractor told us that the roof had been inspected and that it was safe."

Sentensi hiyo nilikuwa nimeipima. "That" ya kwanza inabeba dai la kwanza, ya pili inabeba dai la pili, na yote mawili yameshikiliwa na "told us". Ni maneno ya mkandarasi. Sisi tumeyapokea, hatujayathibitisha.

Ripoti ikaenda kwa mhariri. Alikuwa na sifa ya kupunguza maneno na alijivunia sifa hiyo. Akaziondoa "that" zote mbili, kisha akaona sentensi haina pumziko, akaongeza koma. Ikatoka hivi:

"The contractor told us the roof had been inspected, and it was safe."

Isome polepole. Ni nani anayesema paa ni salama? Baada ya koma ile, "it was safe" ni sentensi kamili inayojitegemea. Mkandarasi amekwisha kusema yake, na sasa anayesema ni mwenye ripoti. Taasisi yetu imetoa hukumu kuhusu paa ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeligusa.

Nilimwendea nikamweleza. Akanijibu mbele ya wenzangu kwamba kurudiarudia "that" ni dalili ya mtu aliyejifunza Kiingereza darasani, na kwamba wenye lugha yao hawaandiki vile. Ripoti ikachapwa jinsi alivyotaka.

Barua ya walalamikaji ilipokuja ilikuwa na swali moja tu la msingi: hilo paa mlilikagua lini? Nikaitwa mimi, kwa sababu jina la mwandishi lilikuwa langu. Nilikuwa nimehifadhi rasimu yangu ya kwanza, nikaionesha. Ikatazamwa, ikawekwa pembeni, nikaambiwa tusitafute mchawi. Mhariri alikuwa amekaa chumba kilekile na hakufungua kinywa. Sijaombwa radhi hadi leo, na nikisema nimesahau nitakuwa nawadanganya.

Niliondoka pale baadaye. Yaliyofuata hayana la kuwafaa. Lililobaki kwangu ni jicho kali juu ya neno hili, na ninachowaambia hapa nimekichuja kwa kusoma Kiingereza cha watu wengi, wa zamani na wa sasa.

Jambo lenyewe ni hili. "And" inaunganisha chochote na chochote: nomino na nomino, kitenzi na kitenzi, kishazi tegemezi na kishazi tegemezi, sentensi nzima na sentensi nzima. Msomaji akifika kwenye "and", hajui bado ni nini kinaunganishwa na nini. Tazama: "The contractor said that the roof was safe and refused to show us the certificate." Hapa "and" imeunganisha vitenzi, "said" na "refused", na "that" haitakiwi kabisa, kwa sababu kukataa ni kitendo alichokifanya, hakukisema. Sasa badili kidogo: "The contractor said that the roof was safe and the certificate was lost." Cheti kimepotea kwa mujibu wa nani? Kama ni yeye aliyesema, andika "and that the certificate was lost". Kama ninyi ndio mliogundua, funga sentensi ya kwanza kwa nukta na uanze nyingine: "We found that the certificate was lost."

Neno hili moja dogo linaonesha dhamana ya dai ni ya nani. Ndiyo maana sikubali liitwe mzigo.

Wanaofuta hudhani "that" zote mbili zina uzito sawa. Hazina. Ya kwanza inakuja papo hapo baada ya kitenzi kama "said" au "thought", na msomaji anajua tayari kwamba kinachofuata ni kile kilichosemwa. Kwa hiyo unaweza kuiacha bila madhara: "She said she was ill." Ya pili iko mbali na kitenzi, nyuma ya "and", mahali ambapo msomaji anaweza kupotea. Ukitaka kupunguza neno, punguza la kwanza ubakize la pili: "She said she was ill and that the meeting would have to wait." Waandishi wazuri wa magazeti huandika hivyo mara nyingi, wala haisikiki nzito. Mhariri wangu alizifuta zote. Msimamizi wa dada yetu amefanya baya zaidi, amebakiza ile isiyo na kazi kubwa na kuifuta yenye kazi.

Wapo watakaosema nyakati za vitenzi zinatosha kuonesha nani anasema. Wakati mwingine ni kweli: "She said she was ill and would not attend" haina utata. Lakini ripoti nyingi huandikwa kwa wakati uliopita kuanzia mwanzo hadi mwisho, maneno ya mashahidi na matokeo ya uchunguzi vyote vikiwa katika "was" na "had". Hapo nyakati haziwezi kukuokoa.

Na hili la kwamba wenye lugha yao hawaandiki vile ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa hiyo nililifuatilia. Chukua Azimio la Uhuru wa Marekani la 1776. Baada ya kusema kwamba wanazishika kweli fulani kuwa ziko wazi zenyewe, wanaziorodhesha: "that all men are created equal, that they are endowed by their Creator with certain unalienable Rights, that among these are Life, Liberty and the pursuit of Happiness". Na hawaishii hapo, inafuata "that" ya serikali kuundwa ili kuzilinda haki hizo, kisha "that" ya haki ya watu kuibadilisha serikali inayoziharibu. Zote zinarudi kwenye "We hold". Ondoa "that" hizo uone: haki ya watu kuibadilisha serikali inakuwa maoni yaliyodondoshwa njiani, haihesabiwi tena miongoni mwa kweli walizoziapia.

Au Rais Abraham Lincoln wa Marekani akiwakumbuka askari waliokufa vitani pale Gettysburg, Novemba 1863, katika hotuba isiyofika maneno 300. Mtu aliyekuwa akibana maneno kiasi kile alimaliza kwa "that these dead shall not have died in vain", kisha "that this nation, under God, shall have a new birth of freedom", kisha "and that government of the people, by the people, for the people, shall not perish from the earth". Maazimio matatu, na kila moja lina "that" yake. Hakuibania hata moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15. Paulo anasema anawakabidhi watu yale ambayo yeye mwenyewe aliyapokea, kisha anayataja: Kristo alikufa, "and that he was buried, and that he rose again the third day", na kisha "and that he was seen of Cephas". Hapo kuna mtu anayepitisha ushuhuda, naye anahakikisha kila kipande cha ushuhuda kimefungwa kwenye neno la kupokea na kukabidhi. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi waandishi wa ripoti. Niliposoma aya ile kwa jicho hili nilijiona nimetetewa.

Mwaka huu nimetetewa tena. Ripoti kubwa tuliyoiandika watu kadhaa, mahali ninapofanya kazi sasa, ilipelekwa kwa wanasheria kabla ya kutolewa. Iliporudi, sura zangu hazikuguswa kwa jambo hili hata mara moja. Katika sura za wengine wanasheria walikuwa wamechomeka "that" baada ya "and" ukurasa baada ya ukurasa, na mahali pengine wameandika pembeni swali lilelile: ni nani anayesema haya? Niliufurahia ule wino kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa.

Basi mnaponiuliza mfanye nini, nawaambia: mkimaliza rasimu, tafuteni kila "and" na kila "but" inayofuata maneno ya mtu mwingine. Soma kuanzia hapo kana kwamba hakuna kilichotangulia. Kama unachokisoma kinasikika kuwa kauli yako na si yako, weka "that". Wala usiweke koma mbele yake bila sababu, kwa maana koma ndiyo inayokata kamba. Yakiwa madai matatu au zaidi, yape yote "that": "The auditor found that the invoices were missing, that one payment had been made twice, and that nobody had signed for the cash." Katika orodha ya namna hiyo koma hazina neno, maana kila dai limeshikwa na "that" yake. Na ukianza na "to", usihamie kwenye "that" katikati. "He promised to repair the roof and that he would return" inachechemea, chagua umbo moja uende nalo.

Muwe waangalifu zaidi panapokuwa na ukanushi. "There is no evidence that he took the money and that he hid it" inaacha mlango wazi, kwa sababu mtu anaweza kudai mmekanusha mambo mawili yakiwa pamoja tu, na huenda moja lina ushahidi. Andika "or that he hid it", na kila dai litakuwa limekanushwa peke yake. Katika suala la tuhuma, hapo ni jina la mtu linalolindwa au kuharibiwa. Anayekuambia ufute neno ili sentensi ipendeze hatakuwepo utakapoitwa kueleza, kwa hiyo hifadhi rasimu zako zenye tarehe, na ukatae kwa adabu lakini ukatae.

Ipo "that" moja inayostahili kufutwa, nami naifuta bila huruma. Ni ile inayorudiwa bila dai jipya, baada ya maneno ya katikati: "He said that if the rain continued that the work would stop." Hapo dai ni moja tu, sharti na matokeo yake. "That" ya kwanza inatosha: "He said that if the rain continued the work would stop."