Kwa Wahasibu Wapya Mnaofanyia Kazi Nyumbani

Katika mkutano wa mtandaoni wa kufunga hesabu za mwezi nimewaona vijana wetu wakijikanda shingo kwa zamu, mmoja akiwa amelala chali kitandani na kompyuta mpakato tumboni, nikaona afadhali niandike kuliko kuendelea kuguna nikiwa nimezima maikrofoni.

1. Inueni skrini. Kompyuta mpakato imeunganisha skrini na kibodi, kwa hiyo ikiyafaa macho huitesa mikono, na ikiifaa mikono huitesa shingo. Ipandisheni juu ya majalada ya zamani mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho, kisha tumieni kibodi na kipanya vya pembeni.

2. Ganzi si uchovu. Hapa nitakawia kidogo, maana somo hili nililigharamia. Mwaka 2020, tulipoambiwa tufanyie kazi nyumbani hapa Nairobi, nililinganisha taarifa za benki kwenye meza ya chakula, vifundo vya mikono vikiwa vimekunjwa na kukandamizwa na ukingo wa meza kutwa nzima. Ganzi ikaanza kuniamsha usiku. Nilikuwa nikikung'uta mkono, nikijiambia kwamba nimeulalia vibaya, na kurudi kulala. Nikapaka mafuta ya kuchua begani, nikabadilisha mto, nikailaumu hata baridi ya Julai, hadi asubuhi moja nikashindwa kufunga vifungo vya shati mbele ya mwanangu, ambaye alicheka akidhani ninamfanyia mzaha. Mtaalamu wa fiziotherapia hakuligusa bega. Aliniuliza tu ni vidole vipi, nami nikamjibu kuwa ni gumba, cha shahada na cha kati, ila cha mwisho ni kizima. Basi, akasema, unaobanwa ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo upande wa kiganja, kwa kuwa kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine. Nilivalishwa kishikizo cha kulalia, yaani kifaa cha kukiweka kifundo cha mkono kimenyooka usiku, na nafuu ilikawia kwa sababu nami nilikawia, jambo ambalo mke wangu alikuwa amelisema tangu mwanzo. Ganzi ya namna hiyo ipelekeni hospitali mapema.

3. Macho. Anayekodolea tarakimu hupepesa macho mara chache, yakakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 tazameni kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na simu haihesabiki. Feni isiwapulizie usoni. Ile miwani ya kuzuia mwanga wa buluu mnayouziana kwenye kundi la WhatsApp, chama cha madaktari wa macho cha Marekani hakiipendekezi kwa kazi ya kompyuta. Fedha hizo zipelekeni kwenye kupima macho.

4. Ombeni skrini za ofisini. Zimerundikwa stoo, zinakula vumbi, ilhali nyinyi mnakunja shingo nyumbani kwa kuona haya kuomba. Fomu ya kuazima vifaa ni ya ukurasa mmoja, na anayeitia saini ni mimi.